Mwovu Naye Ana Kwao

Ipo kauli ambayo walimu wenzangu wastaafu huipenda sana, nami nimeisikia vikaoni, misibani, na hata katika foleni ya benki siku ya pensheni. Wasema kwamba mwovu katika hadithi ya watoto sharti awe mwovu mtupu: asiwe na mama, asiwe na kwao, asiwe na jambo lililomfikisha pale alipofika. Mtoto akiijua sababu ya mwovu, wasema, atamwonea huruma. Akimwonea huruma atamwiga. Na akimwiga, basi sisi tuliomfundisha kusoma tutakuwa tumemfundisha kuiba. Kauli hii naikataa. Naikataa kwa jumla yake na kwa vipande vyake, na shahidi wangu wa kwanza hatatoka katika vitabu nilivyovifundisha kwa zaidi ya miaka 30, kwanza shuleni na baadaye chuo cha ualimu. Atatoka katika mchezo wa video, au kama wasemavyo wajukuu zangu, gemu.

Najua kwamba hapo baadhi ya wasomaji wangu wamekwisha kuvua miwani. Nawaomba waivae tena. Wajukuu wangu wawili, wa kiume na wa kike, waliishi nami kwa miaka kadhaa, na mashine yao ilikaa sebuleni kwa sababu ndiko iliko soketi inayofanya kazi. Michezo ile imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chao wakati ule kilikuwa cha darasa la nne. Hivyo nikafanywa mkalimani. Jioni baada ya jioni niliketi kwenye kiti changu nikatafsiri maneno ya wafalme, wachawi, wauza samaki na mazimwi. Mtazamaji anaweza kusinzia. Mkalimani hawezi, maana watoto humwuliza, "Babu, amesemaje?" naye sharti awe na jibu.

Mchezo wenyewe unaitwa The Legend of Zelda, nao ni mfululizo wa michezo mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani. Wa kwanza ulitoka mwaka 1986, ukiongozwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka. Shujaa wake ni kijana aitwaye Link, binti mfalme wake ni Zelda, nchi yao ni Hyrule, na adui wao ni Ganon. Kuna pembetatu tatu za dhahabu, ya Nguvu, ya Hekima na ya Ujasiri, ambazo kwa pamoja huitwa Triforce, na ugomvi wote ni juu ya nani azishike. Hayo yatosha kwa msomaji asiyewahi kushika rimoti ya gemu.

Sasa mtazameni huyo Ganon wa mwaka 1986. Ni nguruwe. Nguruwe wa rangi ya buluu, mkubwa, asiyeonekana hata mnapopigana naye chumbani, ila pale upanga unapompata. Ameiba pembetatu ya Nguvu na amemteka binti mfalme. Kwa nini? Hakuna kwa nini. Humfuati ili umjue, wamfuata ili umchome mshale wa fedha. Siwalaumu watengenezaji. Mashine za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuhifadhi maneno, na mchezo ulitaka uonyeshe mapango na mito kabla ya kuonyesha nia za watu. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 1987, tayari amekufa, na mchezaji akishindwa huonyeshwa kivuli chake kikicheka. Katika ule wa 1991 twaambiwa kwamba zamani alikuwa mtu, mkuu wa genge la wezi, aliyeingia katika Nchi ya Dhahabu akaishika Triforce kwa tamaa yake. Basi. Mwizi akageuka nguruwe. Hadithi za fisi na sungura tulizosimuliwa na bibi zetu zilikwisha kufika hapo kabla ya umeme.

Huyu ndiye mwovu ambaye wenzangu wanamtaka. Na angebaki hivyo, nisingekuwa na haja ya kuandika.

Lakini mwaka 1998 ulitoka mchezo uitwao Ocarina of Time, na humo yule nguruwe akapewa uso wa mtu, jina kamili, na mahali alipozaliwa. Jina ni Ganondorf. Kwao ni jangwani, magharibi ya Hyrule, kwa Wagerudo, jamii ya wanawake watupu ambayo huzaliwa mwanamume mmoja tu kila baada ya miaka 100. Na mwanamume huyo, kwa desturi yao, huwa mfalme. Alilelewa na vikongwe wawili wachawi, mapacha. Twamwona kwa mara ya kwanza kupitia dirishani, akiwa amepiga magoti mbele ya mfalme wa Hyrule akiapa utii, na macho yake hayafanani na magoti yake. Mjukuu wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka tisa, alisema mara ile ile, "Babu, huyu anadanganya." Mtoto wa miaka tisa alimsoma mtu usoni. Nguruwe wa buluu asingempa somo hilo hata kama angemuua mara mia.

Hata hivyo sitausifu mchezo wa 1998 kupita kiasi, maana una doa, na doa hilo latuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi. Angalia walivyompamba huyo mwovu. Mtu mweusi kidogo kuliko wengine wote, mwenye pua kubwa, atokaye jangwani, na watu wake ni wezi wavaao mavazi yanayofanana na ya Waarabu wa katika picha za sinema. Nembo ya Wagerudo katika matoleo ya kwanza ilikuwa mwezi mwandamo na nyota. Na katika hekalu moja la moto, muziki uliopigwa ulikuwa na sauti za kisomo cha Kiislamu ndani yake. Sauti hizo ziliondolewa katika matoleo ya baadaye, na nembo nayo ikabadilishwa. Ni vema ziliondolewa. Lakini msomaji ajiulize zilifikaje pale. Zilifika kwa njia ile ile ambayo kila uvivu hufika: mtu anatafuta sura ya adui, hataki kufikiri, basi anachukua ile iliyokwisha kutengenezwa na wengine kabla yake. Wanaotaka mwovu asiwe na undani wadhani kwamba mwovu wa namna hiyo hamdhuru mtu. Anadhuru! Mwovu asipopewa nafsi yake mwenyewe, hupewa sura ya jirani.

Na kwa haki niseme pia kwamba mchezo huo huo una Mgerudo mwingine, mwanamke aitwaye Nabooru, mwizi naye, anayemkataa Ganondorf kwa sababu anawaibia wanawake na watoto na kuua watu. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kujisahihisha. Kumbe jangwa lile lile lina watu zaidi ya mmoja.

Nafika sasa penye kiini cha mambo, nami nitakaa hapo.

Mwezi Desemba 2002 ulitoka Japani mchezo uitwao The Wind Waker, ukiongozwa na Eiji Aonuma. Ukiutazama kwa haraka ni mchezo wa watoto wadogo, maana michoro yake ni ya katuni na macho ya shujaa ni makubwa kama sahani. Hyrule haipo tena. Miungu iliizamisha baharini ili Ganondorf asiipate, na watu wanaishi visiwani, ambavyo vilikuwa vilele vya milima, bila kujua kuna nini chini ya mashua zao. Ganondorf naye amerudi. Ametuma ndege mkubwa kuwateka wasichana kutoka visiwani, kwa kuwa anamtafuta mmoja wao aliye na damu ya Zelda. Watoto wa watu wamefungwa ngomeni. Dada yake shujaa ni mmoja wao. Msomaji asisahau hilo nitakapoendelea.

Mwishoni shujaa anamkuta juu ya mnara, chini ya bahari. Ganondorf amempa mgongo. Ametazama mbali, na badala ya kutisha, anaanza kueleza. Anaeleza kwao. Kwamba nchi yake ilikuwa jangwa. Kwamba mchana upepo wake uliunguza na usiku uligandisha. Kwamba upepo huo, wakati wowote ulipovuma, ulileta kifo. Na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na Hyrule, ambako upepo ulivuma juu ya majani mabichi na haukuleta kifo bali kitu kingine kabisa. Kisha anakiri kwamba aliutaka upepo ule.

Hapa nilikwama kama mkalimani. Watoto walikuwa wakinitazama na mchezo ulikuwa ukisubiri. Neno la Kiingereza alilolitumia lina uzito wa Amri Kumi za Mungu ndani yake. Ni lile linalokataza kutamani nyumba ya jirani. Nikisema "aliutaka", nimempunguzia hatia, maana kutaka hewa njema si dhambi. Nikisema "aliuonea kijicho", nimemfanya mchawi wa kijijini. Nikisema "aliuhusudu", watoto hawatanielewa. Mwisho nikasema "aliutamani", neno letu ambalo lina sehemu mbili ndani yake, sehemu ya haja na sehemu ya uroho, na halikuambii imeishia wapi moja na imeanzia wapi nyingine. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote na sikumbuki kama nimewahi kuchagua neno kwa taabu zaidi. Na taabu hiyo niliipewa na mwovu wa gemu, aliyeanza maisha yake kama nguruwe asiyeonekana.

Mjukuu wangu wa kike alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mfalme wa Hyrule hakuweza kumgawia. Nikamwambia upepo haugawiki. Akasema, "Lakini shamba linagawika, Babu."

Nendeni mkanitafutie darasa la fasihi lililouliza swali hilo.

Hata hivyo mchezo haukuishia katika maneno matamu ya mzee mwenye huzuni. Baada ya kusema hayo, Ganondorf anampiga yule kijana mdogo hadi anaanguka. Hamwui, anasema anachokitaka ni kile tu alichonacho mkononi, na anakichukua. Kisha mfalme wa kale wa Hyrule anamtangulia kuigusa Triforce, na haombi ufalme wake urudi. Anaomba maji yaifunike nchi yake moja kwa moja, na vijana wawili wale wapate tumaini na maisha ya baadaye, wasibebeshwe nchi hii. Na mfalme huyo anakiri waziwazi kwamba yeye na Ganondorf, kwa namna walivyofungwa na nchi ile, walikuwa sawa. Hebu fikirini. Mfalme mwema asema ugonjwa wake na wa mwovu ni mmoja, ila yeye aliuachilia mkono na mwenzake hakuweza. Maji yanaanza kushuka kama mvua ya masika, na Ganondorf anacheka kama mtu aliyepungukiwa akili, anachomoa panga zake mbili, na sasa anataka kuwaua watoto wale kweli. Anakufa kwa upanga wa kichwani na kugeuka jiwe. Maneno yake ya mwisho yanautaja upepo.

Sasa nawauliza wenzangu: je, watoto wangu wawili waliweka rimoti chini? Je, walisema, "maskini, tumwache awachukue wasichana"? La hasha. Walimpiga mpaka akaisha. Mjukuu wa kiume alishindwa mara nne kabla ya kufaulu na hakuna hata mara moja alipopunguza bidii kwa ajili ya jangwa. Huruma waliyokuwa nayo haikuwazuia kufanya kilichopasa. Iliwazuia tu kushangilia, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ninayoipigania katika kurasa hizi.

Maana hapa ndipo wenzangu wanapoteleza. Wanachanganya sababu na udhuru. Sababu hueleza kitendo kilikotoka. Udhuru hukiondolea hatia. Mtu anaweza kuwa na sababu gunia zima na asiwe na udhuru hata kibaba.

Katika shule moja niliyopata kuiongoza alishikwa mvulana wa kidato cha pili na maharage ya stoo, kilo sita hivi, ndani ya begi la madaftari. Kamati ya nidhamu ilikaa. Mjumbe mmoja alisema wizi ni wizi, tusianze kusikiliza ngonjera, afukuzwe kabla ya chakula cha mchana. Nikasisitiza aulizwe. Ilichukua saa nzima kumfungua mdomo. Mama yake alikuwa kitandani tangu Januari, baba hayupo, na wadogo zake watatu walikuwa wakila alichowabebea kila Jumamosi. Hatukumsamehe. Alichimba shimo la taka la shule peke yake kwa wiki mbili na alikula nusu ya sehemu yake hadi kilo zile zilipofidiwa. Lakini hakufukuzwa, na tuliandika barua kwa mtendaji wa kijiji juu ya wadogo zake. Alimaliza kidato cha nne. Mwaka uliofuata akashikwa mwingine, kwa kosa hilo hilo na stoo hiyo hiyo. Naye tukamwuliza. Sababu yake ilikuwa kamari, na deni lake la kamari alilidai kwa wanafunzi wadogo kwa vitisho. Huyo alikwenda kwao jioni ile ile. Kuuliza hakukuwapendelea wakosaji, kulituwezesha kuwatofautisha. Kama tungekuwa na sheria ya wenzangu, kwamba mwovu hana kwao, tungewatendea vijana wawili wale kama mtu mmoja.

Na kama gemu haiwatoshi, basi nawapeleka pale ambapo hawawezi kunibishia. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi. Wengi wetu tuliisoma tukiwa wanachuo, na wengine tuliigiza. Yumo humo Shylock, mkopeshaji Myahudi, anayedai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake. Huyo ni mwovu, na kisu chake ni cha kweli. Lakini Shakespeare alimpa nafasi ya kusema kwa nini: alitemewa mate, aliitwa mbwa, na waliomtemea mate ndio waliokuja kwake kukopa. Mwalimu hakuzifuta sababu hizo. Alizitafsiri zote, na jina alilolichagua liko katika wingi, mabepari, si bepari mmoja. Amewaweka na wale wafanyabiashara Wakristo katika chungu hicho hicho. Hakuna mwanachuo hata mmoja niliyemwona akitoka katika igizo lile akiwa na hamu ya kumkata mtu nyama. Wengi walitoka wakibishana, na baadhi wakiwa na haya. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye ndiye kinara wa kauli ninayoipinga, alicheza nafasi ya Shylock mwenyewe, na aliicheza vizuri sana. Nimemkumbusha. Mpaka naandika haya hajanijibu.

Wengine hunitajia Shaaban Robert. Wasema katika Kusadikika mshitaki anaitwa Majivuno, na jina lenyewe limekwisha kutuambia sifa yake, hatukuhitaji kujua alizaliwa wapi. Ni kweli. Lakini Shaaban Robert alikuwa akiihukumu serikali isiyosikia, si akichora nafsi ya mtu mmoja. Majina yake ni mizani iliyowekwa mahakamani. Aliyefanya kazi hiyo kwa ufundi ule anayo haki yake. Anayeigeuza kuwa kanuni ya kila hadithi amekopa kofia isiyomtosha kichwani.

Sasa nirudi kwa Wajapani, maana nao nina ugomvi nao, na sitaki mtu adhani nimekodiwa kuwauzia mashine. Mchezo wa 2006, Twilight Princess, ulimwonyesha Ganondorf amefungwa minyororo jangwani, mahali pa kunyongea wafungwa, na wahenga wa ufalme wakijaribu kumwua kwa upanga wa nuru. Wanashindwa, anaung'oa upanga kifuani, anamwua mmoja wao, na wanaobaki wanamtupa katika ulimwengu wa giza ili awe shida ya watu wengine. Hapo paliachwa swali zuri juu ya serikali inayotupa taka zake uani kwa jirani, ingawa mwovu mwenyewe hasemi mengi. Mwishoni anakufa akiwa amesimama. Naupa alama za wastani.

Ulipotoka ule wa 2011, Skyward Sword, ndipo waliponiudhi. Humo twaambiwa kwamba zamani za kale alikuwapo pepo mmoja aliyeshindwa, na akifa aliwalaani wenye damu ya mungu wa kike na wenye roho ya shujaa kwamba chuki yake itazaliwa upya daima ili iwaandame. Wapenzi wengi wa mfululizo huu waliona kwamba sasa Ganondorf ameelezwa. Mimi naona amenyang'anywa. Kama chuki yake ni laana iliyomwingia kabla hajazaliwa, basi jangwa si kitu, upepo si kitu, na hata kosa lake si lake. Laana ni jibu analolitoa mtu aliyechoka kufikiri. Sisi wenyewe tunazo nyumba ambazo kijana akiharibikiwa husemwa ukoo una mkosi, na baada ya neno hilo hakuna anayeuliza tena alikuwa akilala wapi na akila nini.

Mwaka 2017, katika Breath of the Wild, wakamrudisha kule kule alikoanzia: moshi mwekundu na mweusi uzungukao kasri, chuki isiyo na mtu ndani. Jambo moja tu lilinifurahisha. Kiongozi wa Wagerudo wa wakati ule, mwanamke shujaa aitwaye Urbosa, anakumbuka kwamba adui huyo aliwahi kuchukua umbo la Mgerudo, na jambo hilo analichukulia kama deni lake mwenyewe la kulipa. Kisha mwaka 2023, katika Tears of the Kingdom, Ganondorf akarudi na mwili, mrefu, mwenye sauti nzito, na wajukuu zangu, ambao sasa wanajisomea Kiingereza wenyewe na hawanihitaji, waliniita nije nimwone. Anatisha kweli. Anapiga magoti tena mbele ya mfalme, kama mwaka 1998, na anamwua malkia kwa kumvizia kutoka nyuma. Lakini anachokitaka ni kutawala, na kutawala ndio mwanzo na mwisho wa hoja yake. Mjukuu wa kiume ashikilia kwamba huyu ndiye bora kuliko wote kwa sababu humjui na ndiyo maana unamwogopa. Ana hoja; asiyejulikana huogopwa. Nikamwuliza, ukimzima umebaki na nini? Akasema amebaki na alama. Mdogo wake akacheka. Nikubali pia kwamba safari hii, katika vita dhidi ya mwovu, mmoja wa wasaidizi wakuu wa mfalme ni Mgerudo, na Wagerudo wa sasa ni watu wa heshima wenye mji wao na soko lao. Kwa hiyo watu wake wamepata undani ambao yeye mwenyewe ameupoteza. Miaka 25 baada ya ile nembo ya mwezi na nyota, si haba.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba mambo hupanda daima. Katika mfululizo huu yalipanda kutoka 1986 hadi 2002, kisha yakashuka, yakapanda nusu. Ninachosema ni kwamba kilele kipo, watoto wamekiona, na sisi walimu tungali tukiwauliza maswali ya mwaka 1986.

Chukueni karatasi yoyote ya mtihani wa fasihi. "Taja sifa tano za mhusika fulani." Na majibu nimeyasahihisha kwa maelfu: ni katili, ni mlafi, ni mbinafsi, ni mwongo, ana tamaa. Alama tano. Majibu hayo yanamfaa mwinyi wa Adam Shafi, yanamfaa mkopeshaji wa Shakespeare, yanamfaa fisi, na yanamfaa Ganon akiwa nguruwe. Mtahiniwa anaweza kuyaandika bila kufungua kitabu, na wengi ndivyo wafanyavyo, nami siwezi kuwalaumu kwa kutufahamu vizuri. Chuoni niliwazoeza wanachuo wangu kuuliza namna nyingine: Huyu alitaka nini? Nani mwingine alikitaka kitu hicho hicho na akakitafuta kwa njia nyingine? Kilipopatikana, au kilipokosekana, nani aliyelipa? Swali la pili ndilo gumu, nalo ndilo linalomzuia mtoto asigeuze sababu kuwa udhuru, kwa maana daima yupo Nabooru, yupo mtu wa jangwa lile lile na upepo ule ule ambaye hakuteka watoto wa watu.

Maswali hayo nimemwandikia mwalimu mmoja kijana afundishaye shule ya sekondari iliyo karibu nasi. Alidhani kwanza nataka waruhusu gemu darasani, nikamtoa hofu. Amesema atayajaribu muhula huu kwa Kasri ya Mwinyi Fuad, kwa kuwa ndicho kitabu pekee ambacho nakala zake zinafika wanafunzi watatu kwa kitabu kimoja.